Mtoto Akiumia Wakati wa Kuzaliwa: Mwongozo Kamili kwa Familia za Malindi, Kuanzia Leba Mpaka Kortini

Hapa Malindi mtoto akizaliwa na shida familia hugawanyika hapo hapo wodini. Nyanya anasema ni majaaliwa, tushukuru mama yuko hai, na mjomba yuko nje na simu anatafuta wakili. Wote wana haki yao, lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto alitoka saa ngapi, alilia baada ya muda gani na nani alikuwa zamu, na miezi sita baadaye hayo ndo maswali yatakayowakunisha kichwa.

Mimi si daktari wala si wakili. Nina saiba mjini, nachapia watu barua na afidaviti, yaani maelezo ya kiapo ya kupeleka kortini, na malalamiko ya uzazi ni mengi kuliko vile mtu angedhani, kwa hivyo nimesoma sana na nimewasumbua manesi na mawakili ninaowajua mpaka wamenizoea. Nilichoona ni kwamba madai yanayosimama si ya mwenye machungu zaidi, ni ya mwenye saa. Saa tuliyofika, saa aliyopimwa njia, saa daktari aliitwa, saa alitokea. Ukiona narudia saa saa saa, nivumilie.

KABLA YA UCHUNGU

Buku ya kliniki ndo karatasi ya kwanza ya ushahidi na watu wengi huiacha nyumbani juu ya kabati. Ibebe kila siku ukienda kliniki na uhakikishe wanaandika presha, mkojo, damu, urefu wa tumbo. Kama ushawahi kupasuliwa, una sukari, presha, mapacha, mtoto amekaa vibaya, ama mtoto aliyepita alikuwa mkubwa akakwama, usipange kuzalia zahanati, hata kama sista wa pale ni mzuri kama malaika. Uliza mapema mahali penye thieta na damu. Kwa mtu wa Marafa, Gongoni ama Ngomeni hiyo inamaanisha gari limepangwa na namba ya dereva iko kwa simu. Malindi ikishindwa rufaa huenda Kilifi ama Coast General kule Mombasa, na Malindi mpaka Mombasa ni kama kilomita 120, si safari ya kuanza kuipanga saa tisa usiku. Ndugu zetu wa Lamu ndo wana shida zaidi manake wa visiwani lazima wavuke na boti kwanza, na bahari ikipwa kuna mikondo boti haipiti vizuri, alafu ndo barabara ndefu ianze.

Chagua mtu mmoja wa kukaa na mama. Shirika la Afya Duniani linashauri mama awe na mtu wake anayemtaka wakati wa kuzaa. Wodi zingine wanakubali, zingine wanasema hakuna nafasi, lakini uliza na uombe kwa adabu. Huyo mtu awe mtulivu, si yule wa kupiga mayowe, na awe na chaji ya simu. Kazi yake kubwa ni kutuma meseji fupi kwa mtu wa nyumbani kila kitu kikitokea. Kuna baba alikuja kwangu hana hata karatasi moja, ana WhatsApp tu na ndugu yake: "wamesema bado", "maji yamevunjika ni ya kijani", "sista ameenda kuita daktari", "hajaja", "hajaja", "sasa ndo wanampeleka thieta". Kila meseji ina saa yake pembeni. Nilimchapia orodha kutoka kwa zile meseji na ikawa safi kuliko maelezo ya watu wanaokuja na hadithi ya kurasa kumi.

Na hapo hapo tahadhari: faili la hospitali linaandika saa za kizungu, 0210, na sisi tunasema saa nane na dakika kumi usiku. Nimeona afidaviti imeandikwa "saa nane" wakili akaweka 8.00, kisa kizima kikasogea masaa sita na upande wa pili ukacheka. Andika zote mbili.

NDANI YA LEBA: KIPI KINATAKIWA KUFANYIKA

Njia ya uzazi ikifunguka mpaka sentimita 5 uchungu umeshika kasi na kutoka hapo mama lazima afuatwe kwenye chati. Patografu ni ile karatasi kubwa ya viboksi, juu kuna mapigo ya moyo wa mtoto, katikati njia inavyofunguka, chini nguvu ya uchungu, presha na dawa. Siku hizi kuna chati mpya ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 lakini maana ni ile ile. Mapigo ya mtoto yasikilizwe kila nusu saa, na wakati wa kusukuma kila dakika 5. Kawaida ni 110 mpaka 160 kwa dakika. Yakishuka na kukaa chini, ama yakipanda yasirudi, ndo pale unasikia sista anasema mtoto amechoka, na mtoto akichoka mtu hangoji kukuche.

Chati iliyojazwa vizuri ina vidoto vingi vya mikono na kalamu tofauti. Chati yenye vidoto vyote kalamu moja, mwandiko mmoja, mapigo 140, 140, 140 usiku kucha... mimi sisemi kitu, lakini wakili na daktari wake wataiangalia mara mbili.

Vitu vya kuandika saa yake ukiviona:

- Maji yamevunjika, rangi gani. Ya kijani maanake mtoto ashajisaidia tumboni na anahitaji kuangaliwa zaidi.
- Dripu ya kuongeza uchungu imewekwa, na baada ya hapo nani alisikiliza mapigo. Oksitosini ni dawa nzuri sana lakini uchungu ukija bila kupumzika mtoto anakosa hewa, kwa hivyo mama mwenye hiyo dripu haachwi peke yake.
- Mtu amepanda ama amekandamiza juu ya tumbo ili mtoto atoke. Hiyo haishauriwi. Ila usichanganye na kubonyeza chini kabisa juu ya mfupa wa kinena bega likikwama, ile ni njia sahihi.
- Kusukuma kumeanza. Kwa mimba ya kwanza kawaida mtoto hutoka ndani ya masaa 3, kwa waliozaa kabla masaa 2.
- Imeamuliwa operesheni, na ameingia thieta saa ngapi. Hapa katikati ndo mambo mengi huharibika: daktari wa usingizi hayupo, damu haipo, umeme, dereva wa ambulensi hashiki simu.

Na namna ya kuuliza ni muhimu. Usimwendee sista na sauti ya polisi, ana wamama sita na yuko peke yake. "Sista samahani, mapigo ya mtoto ni ngapi sai?" inatosha, na jibu unalituma WhatsApp.

MTOTO AMETOKA: DAKIKA ZA KWANZA

Mtoto asipopumua anakaushwa, anachuliwa mgongo, na kama bado, kabla dakika moja haijaisha anaanza kupuliziwa hewa kwa begi na maski. Ile ya kumshika miguu juu kichwa chini na kumpiga makofi ni ya zamani, haifai. Alafu anapewa alama za Apgar, yaani za kupumua, mapigo ya moyo, rangi, nguvu ya mwili na anavyoitikia akiguswa, dakika ya 1 na dakika ya 5, jumla ni 10, na 7 kwenda juu ni sawa. Uliza namba hizo na uziandike. Apgar ya chini dakika ya kwanza pekee haimaanishi ubongo umeumia, watoto wengi hupanda vizuri ikifika ya tano.

Sasa majeraha yenyewe, kwa sababu hapa kuna hofu nyingi za bure na pia kuna mambo ya hatari watu wanayachukulia poa.

Uvimbe laini juu ya kichwa unaoonekana tu akitoka na umesambaa, huo ni wa kubanwa njiani na huisha kwa siku chache. Uvimbe unaotokea masaa baadaye, upande mmoja, una mpaka kama yai, ni damu chini ya ngozi ya mfupa, huchukua wiki hata miezi na unaweza kuleta manjano, lakini hautobolewi wala haukandwi na kitambaa cha moto. Wa kukimbia nao ni ule unaotepeta kama mfuko wa maji, unaenea mpaka nyuma ya masikio ama shingoni, hasa kama alivutwa na vakyumu (kile kikombe cha kunasa kichwani), na mtoto anapauka. Pale damu inavuja kwa wingi ndani na mtoto mchanga damu yake yote ni kidogo, kwa hivyo hapana kungoja asubuhi.

Mkono unaoning'inia, umegeuka ndani, hauinuki: hiyo ni mishipa ya fahamu ya bega imevutwa, mara nyingi kichwa kilitoka bega likakwama. Wahudumu wakikutana na hiyo wanatakiwa kumkunja mama magoti yaje kifuani, kubonyeza juu ya kinena, si kuvuta shingo. Watoto wengi hupona miezi ya mwanzo na mazoezi. Lakini, na hapa nataka wamama wa kukanda wanisikie, msimvute huo mkono kuurudisha mahali pake, hakuna kilichotoka mahali pake. Mafuta ya nazi ya kupaka polepole sina neno, kunyoosha kwa nguvu hapana. Usimwinue kwa kwapa. Akifika miezi 3 kiwiko hakijakunjika mwenyewe, dai rufaa ya daktari bingwa, usikubali kuambiwa subiri tu.

Mfupa wa mtulinga uliovunjika hupona wenyewe kwa wiki chache. Uso kupinda upande mmoja akilia, mara nyingi pia hurudi.

Kubwa kuliko yote ni ubongo kukosa hewa. Huyu mtoto huwa mlegevu ama mkakamavu, hanyonyi, analia sauti ya ajabu, anapata degedege siku mbili tatu za kwanza. Na degedege ya mchanga haifanani na ya mkubwa: ni macho yamekazia upande, midomo inatafunatafuna, miguu inapiga kama baiskeli, ama anasita kupumua. Huku kwetu mtu akiona hivyo husema ni nyuni, ni dege, aitwe mtu. Someni dua, mimi pia nasoma, lakini someni mkiwa ndani ya tuktuk mnaelekea hospitali.

Rudi hospitali saa hiyo hiyo, mchana ama usiku, kama mtoto ameacha kunyonya, anapata degedege, anahema mara 60 ama zaidi kwa dakika, kifua kinazama ndani, joto la mwili limefika 37.5 ama limeshuka chini ya 35.5, hasogei mpaka aguswe, ama amepata manjano siku ya kwanza au manjano imefika viganjani na nyayoni. Manjano kali huharibu ubongo na masikio na jua la asubuhi halitoshi kuitibu, inataka taa za hospitali.

NI UZEMBE AMA NI BAHATI MBAYA?

Hapa ntasema kitu ambacho wateja wangu hawakipendi. Mtoto kuumia si ushahidi wa uzembe. Bega linaweza kukwama kwa mkunga bora kabisa, na mtindio wa ubongo mara nyingi chanzo chake kiko kabla ya leba ama baada, maambukizi, kuzaliwa kabla ya wakati, manjano. Sheria inauliza mambo matatu: walikuwa na jukumu juu yako (hili rahisi, ulipokelewa), walifanya chini ya kiwango cha mhudumu wa kawaida wa kazi ile, na hilo kosa ndo lililoleta jeraha. La tatu ndo huangusha kesi. Unaweza kuthibitisha ulitukanwa na ukaachwa masaa manne, na bado ukashindwa kuonyesha kuwa masaa yale manne ndo yaliumiza ubongo. Kinachounganisha ni saa: mapigo yalishuka saa hii, hakuna aliyechukua hatua mpaka saa ile, Apgar ikawa hivi, degedege ikaanza siku hii.

Lakini kutukanwa na kudhalilishwa nako ni kosa, lina mlango wake. Mwaka 2013 mama mmoja alijifungulia sakafuni kwenye hospitali ya serikali Bungoma akatukanwa, na video ikazagaa. Mwaka 2018 High Court ikasema haki zake za kikatiba zilivunjwa na ikaamua alipwe shilingi milioni 2.5. Kesi ile ilikuwa ya utu wa mama na huduma aliyonyimwa.

KUPATA FAILI

Fanya hili wiki ya kwanza, usingoje kukasirika vizuri. Kabla ya kutoka piga picha kila karatasi unayoruhusiwa kushika: diskaji, notifikesheni ya kuzaliwa, buku, fomu ya rufaa. Piga picha ya jeraha kila siku chache, mwanga mzuri, tarehe ionekane. Alafu barua, kwa msimamizi wa hospitali, fupi hivi:

"Mimi ___, mama wa mtoto aliyezaliwa hospitalini kwako tarehe ___, nambari ya faili ___, naomba nakala kamili ya faili langu na la mtoto wangu, pamoja na patografu, maelezo ya leba, ripoti ya operesheni, rekodi za wodi ya watoto wachanga na fomu ya rufaa. Naomba kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016."

Usitukane, usitaje korti. Chapa mbili, moja wanabaki nayo na yako wanaigonga muhuri wa kupokea na tarehe. Wakikataa kugonga, tuma kwa barua pepe na uhifadhi. Ofisi ya umma ina siku 21 kujibu, na kama habari inahusu uhai wa mtu ni saa 48. Wakinyamaza, malalamiko yaende kwa Ombudsman, yaani Commission on Administrative Justice. Faili likija hesabu kurasa, patografu ikikosekana andika barua ya pili kuuliza iko wapi, manake barua hiyo nayo ni ushahidi.

Na kama mtoto amefariki, poleni sana. Uamuzi wa kupasua maiti ni mgumu zaidi kwetu waislamu kwa sababu ya kuharakisha maziko, na sina la kumlazimisha mtu. Ila mjue bila uchunguzi ule sababu ya kifo itabaki kubishaniwa, kwa hivyo kaeni na wazee na daktari muamue kwa kujua, msikimbizwe na yeyote.

Bili pia isiwafunge. Kuzuiliwa hospitalini kwa ajili ya deni, korti zetu zishasema si halali.

KUPELEKA MALALAMIKO

Daktari na hospitali yenyewe: KMPDC, baraza la madaktari, Nairobi. Nesi na mkunga mwenye leseni: Nursing Council of Kenya. Tabibu: Clinical Officers Council. Watu hupeleka yote KMPDC alafu wanashangaa nesi hajaguswa. Eleza kwa tarehe na saa, ambatisha nakala, baki na orijino. Baraza linaweza kumwadhibu mhudumu, kumsimamisha hata leseni, na uamuzi wake husaidia sana kortini, lakini usingoje uamuzi huo huku saa ya korti inakimbia.

KORTI NA MUDA

Hospitali ya kibinafsi, muda wa kushtaki kwa jeraha ni miaka 3. Serikali ni miezi 12 tu! Kuna mabishano ya mawakili kuhusu kaunti na kuhusu mtoto kuhesabiwa muda wake tofauti kwa vile hajafika miaka 18. Waachie wao wabishane, wewe hesabu miezi 12 kutoka siku ya kuzaliwa na ufungue kabla. Familia inakuja kwangu mtoto ana miaka minne ndo wameona hatembei, na ninachoweza kufanya pale ni kuwaelekeza kwa wakili aone kama kuna mlango umebaki.

Mtoto hushtaki kupitia mzazi ama mlezi. High Court tunayo hapa hapa Malindi, na mahakimu nao husikiliza madai kulingana na kiwango cha pesa, hakimu mkuu mpaka milioni 20. Wakili mzuri kabla ya kufungua atatafuta daktari bingwa asome faili na kuandika ripoti, na hiyo hugharimu. Akikwambia haihitajiki, mshukuru uende kwa mwingine. Msiokuwa na uwezo ulizieni msaada wa sheria kwa FIDA (chama cha mawakili wanawake), Kituo cha Sheria, ama National Legal Aid Service ya serikali.

Jihadharini na mabroka wanaozunguka nje ya wodi. "Hulipi kitu mpaka ushinde tugawane" si makubaliano halali kwa wakili wa Kenya. Na kama kesi ishafunguliwa, mapatano yoyote kwa niaba ya mtoto lazima korti iyakubali, kwa hivyo bahasha ya elfu hamsini na karatasi ya kusaini sebuleni, ikatae kwa heshima.

HUKU KESI IKIENDELEA

Mtoto hangoji korti. Mazoezi ya viungo yaanze mapema, dawa ya degedege isikatwe bila daktari, masikio na macho yapimwe. Mombasa kuna APDK, shirika la watu wenye ulemavu, wanaotengeneza viti na vifaa. Msajilini mtoto kwa baraza la walemavu, NCPWD, baada ya kupimwa hospitalini, na akikaribia shule tafuteni EARC, kituo cha kupima mahitaji ya masomo ya mtoto, wamtathmini.

Na kila shilingi iandikwe, manake korti hairudishi gharama ambayo haikuthibitishwa. Dawa na mazoezi chukua risiti. Tuktuk hawana risiti, kwa hivyo lipa kwa M-Pesa hata kama ni hamsini, na kila mwisho wa mwezi njoo na simu saiba tukuchapie stetimenti.